Biti tulivu yenye raga na tabla: kuanzia Sa hadi miksi

Kwenye mapokezi ya hoteli nyingi za ufukweni kuna muziki wa aina moja: sitar inalialia, mwanamke anaimba maneno yaliyokatwakatwa, na chini yake ngoma ya kompyuta inadunda polepole. Ni muziki rahisi kupika. Unachukua biti yoyote ya mwendo wa chini, unamwagia sampuli za Kihindi juu yake, kazi imekwisha. Ndiyo maana ukisikia mmoja umesikia yote.

Mwongozo huu ni wa prodyuza anayetaka zaidi ya hapo. Nachukulia kwamba unajua kufungua programu yako ya kurekodia, iwe FL Studio, Ableton Live, Reaper au hata BandLab ya kwenye simu, na umeshatengeneza biti kadhaa. Si lazima uwe umesomea muziki wa Kihindi. Unachohitaji ni subira, maana utulivu wa muziki huu umejengwa juu ya noti moja, iitwayo Sa, isiyohama tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, na sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa kuilinda noti hiyo dhidi ya mazoea yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Sikiliza, lakini kikazi

Muziki huu una wenyewe. Wengi wao walikuwa vijana wa London wa miaka ya 1990, wazazi wao wametoka India, Pakistan na Bangladesh, wao wamekulia Uingereza kati ya tabla (ngoma mbili za Kihindi) za nyumbani na masanturi ya dub, jungle na hip hop ya mitaani. Mwaka 1995 mpiga tabla Talvin Singh alianzisha usiku wa Anokha, kila Jumatatu, kwenye klabu ya Blue Note pale Hoxton Square. Mwaka 1999 albamu yake ikapata tuzo ya Mercury, ya albamu bora Uingereza, na watu waliokuwa wakiuona muziki ule kama wa vichochoroni wakaanza kuutafuta. Sambamba naye walikuwepo Joi, State of Bengal na Nitin Sawhney. New York kulikuwa na Karsh Kale, anayepiga tabla na dramu za kawaida pia, na Delhi kukawa na Midival Punditz.

Kabla ya wote hao kuna Charanjit Singh, mwanamuziki wa studio za filamu Mumbai. Mwaka 1982 alirekodi raga kumi (mifumo ya noti ya Kihindi, tutaieleza hatua ya 3) juu ya mdundo wa disko kwa mashine tatu za Roland: TB-303, TR-808 na Jupiter-8. Santuri ile haikushtua mtu. Ilipotolewa upya mwaka 2010, wasikilizaji walipigwa na butwaa, kwa sababu inasikika kama acid house, muziki wa dansi wa mashine, na ilirekodiwa miaka kadhaa kabla ya vijana wa Chicago kuizaa acid house kwa mashine hiyohiyo ya 303.

Kwa msikilizaji wa Pwani mchanganyiko huu si mgeni kabisa. Taarabu ya Mombasa ina tabla na harmoniamu tangu zamani, na Juma Bhalo aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi hadi wengine wakadhani kaimba Kihindi. Hata mmoja wa waliojenga bhangra (muziki wa dansi wenye asili ya Punjab) ya Uingereza, mpiga tabla Kuljit Bhamra, alizaliwa Nairobi.

Chukua nyimbo tatu za watu hawa na uzisikilize kwa hedifoni mara tatu tatu. Mara ya kwanza fuata sauti inayovuma chinichini tu, usisikilize kingine. Mara ya pili hesabu mapigo mpaka ujue mzunguko unarudi wapi. Mara ya tatu jiulize nani ameshika besi ya chini kabisa: kiki, besi yenyewe au tabla. Andika majibu. Utayahitaji kwenye miksi.

Hatua ya 2: Weka Sa

Aliyepitia kwaya ya kanisani na kusoma do-re-mi atajisikia nyumbani. Wahindi wana Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni, na Sa ni do: inaweza kuwekwa popote, kisha kila kitu kinapimwa kutoka hapo. Kwa mwongozo huu tutaweka Sa kwenye D. Ala nyingi na sauti nyingi za kiume hukaa vizuri kati ya C# na D, na sampuli nyingi za tabla utakazozipata zimefungwa maeneo hayo.

Kama una mwimbaji wa kike, usimlazimishe. Sauti ya kike mara nyingi huweka Sa kwenye G au A. Akiwa kwenye G, tabla yako ya D bado inafaa, kwa kuwa D ndiyo Pa ya G, na tabla huruhusiwa kufungwa kwenye Pa.

Hatua ya 3: Chagua raga moja

Raga ina noti zake, ila noti peke yake hazitoshi. Ina njia ya kupanda, njia ya kushuka, noti inayopewa uzito, vifungu vinavyoitambulisha, na mara nyingi saa yake ya siku. Mfano mzuri ni Bhupali na Deshkar. Zote mbili zina noti tano zilezile: Sa, Re, Ga, Pa, Dha. Bhupali inaegemea Ga na hupigwa usiku mapema. Deshkar inaegemea Dha na ni ya asubuhi. Ukizichanganya, mjuzi atakuuliza ni saa ngapi kwako.

Kwa kazi ya kwanza napendekeza Bhupali au Yaman. Bhupali, Sa ikiwa D, ni D, E, F#, A, B. Noti tano hizi zimo kwenye nyimbo nyingi tulizokua nazo, kwa hiyo vidole vitazizoea haraka. Hatari yake ni kwamba usipokuwa makini utaishia na wimbo wa watoto.

Yaman ndiyo ninayoipenda zaidi kwa muziki wa kutuliza. Ni raga ya usiku mapema, na noti zake ni D, E, F#, G#, A, B, C#. Hiyo G# ndiyo yenye mvuto: ni Ma iliyopandishwa, wanakwaya wangeiita fi. Yaman hupenda kupanda kwa kuzikwepa Sa na Pa: C#, E, F#, G#, B, C#, halafu ndipo D ya juu. Kushuka ni moja kwa moja: D, C#, B, A, G#, F#, E, D. Noti ya kuegemea ni Ga, yaani F#, na msaidizi wake ni Ni, yaani C#. Andika mistari hii miwili kwenye karatasi uibandike karibu na skrini. Ukijikuta unapanda D, E, F#, G#, A kwa mfululizo kila mara, umeshaacha Yaman na unapiga skeli tu.

Malkauns iache kwa siku nyingine. Ni nzito, ya usiku wa manane, haina Re wala Pa, na itakusumbua kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Tanpura, kabla ya kitu kingine chochote

Tanpura ni ala ya nyuzi nne isiyopiga wimbo wowote. Inavuma tu. Kwa Yaman nyuzi hufungwa Pa, Sa, Sa, na Sa ya chini. Kwetu hapa ni A, D, D, D. Kati ya uzi na daraja lake hupenyezwa kijiuzi chembamba cha pamba au hariri, na hicho ndicho kinachozaa ule mlio unaochemka na kung'aa. Usikilize kwa makini: ndani ya mvumo mmoja utasikia noti nyingine zikijitokeza na kuzama, ikiwemo Ga ambayo hakuna uzi uliofungwa kuipiga.

Kama huna tanpura, na wengi hatuna, kuna programu za simu zinazoipiga vizuri, kama iTablaPro kwenye iPhone au Tanpura Droid kwenye Android. Weka kwenye D, chagua Pa, kisha rekodi dakika nne au tano mfululizo.

Usikate kipande cha sekunde nne ukakizungusha. Sikio linajua. Kitu kinachojirudia sawasawa kila baada ya sekunde nne kinageuka kuwa mashine, na utulivu unapotea bila msikilizaji kujua kwa nini. Vilevile usiilazimishe tanpura ifuate tempo ya wimbo. Mpiga tanpura hafuati tabla. Anavuta nyuzi zake kwa mwendo wake, na huo mwachano mdogo kati ya mvumo na mdundo ndio unaoupa wimbo pumzi.

Jambo la kitaalamu kidogo: Ga inayotokea ndani ya tanpura iko chini ya F# ya kinanda kwa senti 14 hivi, yaani sehemu 14 kati ya 100 za nusu toni. Ukiweka sinta (sintesaiza) inayoshikilia F# ndefu juu ya tanpura, zitakwaruzana. Ishushe F# ya sinta kwa senti 14, na C# kwa senti 12. Sinta nyingi zina sehemu ya kurekebisha noti moja moja. Isipokuwepo, irekodi noti hiyo kama sauti na uishushe. Fanya hivyo mara moja uone jinsi mkwaruzo unavyoyeyuka.

Hatua ya 5: Besi, na kesi ya kodi

Hapa ndipo prodyuza wengi huharibu. Umezoea kodi nne (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazozunguka, mkono unaenda wenyewe: D, A, Bm, G. Kwanza, G haimo kwenye Yaman, kwa hiyo umeshaivunja raga. Lakini tuseme unajihadhari na unatumia D na A tu, ambazo noti zake zote zimo. Bado kuna tatizo. Besi ikihamia A, sikio linahamisha nyumba. F# iliyokuwa Ga, noti tamu kuliko zote, ghafla inakuwa noti ya sita ya kitu kingine. Kile mpigaji alichokijenga kwa dakika mbili, kuwafanya watu waisubiri F# dhidi ya D, umekibomoa kwa kodi moja.

Kwa hiyo besi yako ibaki na noti tatu: D muda mwingi, C# ya chini kama hatua ya kurudia D, na A mara mojamoja, fupi, isikae hadi ikafanya makazi. Ufundi wote uhamie kwenye mdundo wa besi na rangi yake: ifungue na kuifunga filta polepole, iache kimya pale inapotarajiwa, ichelewe kidogo nyuma ya kiki. Wajamaika wamefanya maajabu kwa noti mbili za besi, na vijana wa London walikuwa wanafunzi wao.

Kwa upande wa sauti za kujaza nyuma, shikilia D na A pamoja, bila noti ya tatu, yaani F#. Ga iachie ala inayoongoza.

Kuna wanaovunja sheria hii na kufanikiwa. Nitin Sawhney hutumia kodi za jazi na gitaa la flamenko, na kazi zake ni nzuri mno. Ila yeye anaijua nyumba anayoibomoa ukuta. Kwa wimbo wako wa kwanza, acha kodi.

Hatua ya 6: Tempo, tala na tabla

Weka tempo kwenye mapigo 90 kwa dakika. Kati ya 80 na 100 ni salama. Chini ya hapo utahitaji mpigaji hodari sana wa kujaza nafasi.

Tala ni mzunguko wa mapigo. Mbili zinakutosha. Keherwa ina mapigo 8 na inaingia bila shida kwenye hesabu ya nne nne tuliyozoea: Dha Ge Na Ti, Na Ka Dhi Na. Teental ina mapigo 16, yamegawanywa nne mara nne:

Dha Dhin Dhin Dha
Dha Dhin Dhin Dha
Dha Tin Tin Ta
Ta Dhin Dhin Dha

Soma kwa mdomo huku unapiga makofi kabla hujagusa kompyuta. Tabla ni ngoma mbili: dayan ya mkono wa kulia, ndogo, ya mbao, iliyofungwa kwenye noti; na bayan ya kushoto, kubwa, ya chuma, yenye besi inayopinda mpigaji anapoikandamiza ngozi kwa kiganja. Silabi zenye Dh hupigwa mikono yote miwili. Tin na Ta ni mkono wa kulia peke yake.

Sasa tazama mistari ile minne tena. Kuanzia pigo la 10 hadi la 13 hakuna bayan. Besi imeondoka, halafu inarudi pigo la 14, kabla mzunguko haujafunga. Wahindi huuita mstari wa tatu, unaoanzia pigo la 9, khali, yaani tupu, na pigo la kwanza ambapo wote hukutana huitwa sam. Hiki ni kifaa cha bure cha prodyuza. Kwenye teental, ondoa kiki na besi ya sinta pia kuanzia pigo la 10, uzirudishe la 14. Kwa tempo ya 90 mzunguko mzima unachukua karibu sekunde 11, kwa hiyo wimbo utakuwa unavuta pumzi kila sekunde 11. Hakuna haja ya vishindo na sauti za kupaa kama za nyimbo za klabu.

Kiki iweke kwenye pigo la kwanza na pengine moja nyingine katikati; snea au kofi moja tu kwenye pigo la tatu la kila baa. Haiheti ipunguze hadi karibu isisikike, maana dayan inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Usizinyooshe tabla kwenye gridi kwa asilimia 100. Keherwa ina mnyumbuko wake, na ukiunyoosha inageuka kuwa mashine. Asilimia 50 inatosha, au usiguse kabisa kama mpigaji yuko vizuri.

Kufunga sehemu, tumia tihai: kifungu kimoja kinachorudiwa mara tatu na pigo la mwisho kutua juu ya sam. Hesabu yake kwenye teental ni rahisi ukitumia kifungu cha mapigo matatu, Ti Te Dha. Anza pigo la 9. Cha kwanza ni 9, 10, 11. Cha pili 12, 13, 14. Cha tatu 15, 16, na Dha ya mwisho inatua kwenye 1 ya mzunguko mpya. Kwenye skrini yako, teental ni baa nne, kwa hiyo tihai inaanza mwanzo wa baa ya tatu. Itumie mara mbili au tatu katika wimbo mzima. Kila mzunguko ukifungwa kwa tihai inakuwa kelele za kujionyesha.

Kuhusu sampuli: tabla ina noti. Sampuli ya dayan iliyofungwa kwenye F haitakaa kwenye wimbo wa D hata ukiipendaje. Kabla ya kununua au kupakua, tafuta iliyoandikwa D au C#. Kuivuta nusu toni moja au mbili hakuna ubaya. Zaidi ya hapo ngozi inaanza kusikika kama plastiki.

Bora zaidi, tafuta mpigaji. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki kuna mahekalu ya Masingasinga, na ibada zao huimbwa kwa harmoniamu na tabla. Nenda kwa adabu, vua viatu, funika kichwa, kaa, sikiliza mpaka ibada iishe, kisha uliza kama kuna mwalimu wa tabla anayekubali kazi ya studio. Wengi wana wanafunzi vijana wanaopenda mambo haya.

Siku ya kurekodi zima feni. Mpe mpigaji nusu saa ya kufunga ngoma yake kabla hujabonyeza kitufe. Utamwona anazunguka ukingo wa dayan na nyundo ndogo, anagonga kwa juu kupandisha, kwa chini kushusha, anapiga kidole, anasikiliza dhidi ya tanpura, anagonga tena upande wa pili. Hewa ya Pwani yenye unyevu hulegeza ngozi, kwa hiyo baada ya kila mkondo wa kurekodi mwache aikague upya. Poda anayojipaka kiganjani ni kwa ajili ya kuteleza juu ya bayan. Weka kitambaa chini ili isiingie kwenye vifaa. Maikrofoni moja iwe juu ya dayan kwa sentimita 25 hivi, nyingine juu ya bayan. Ukiwa na moja tu, isogeze katikati, imeegemea dayan kidogo. Na mpe tanpura na klik (mlio wa kuhesabu tempo) masikioni, usimpe besi yako yote, maana ataanza kukupigia kwa nguvu.

Hatua ya 7: Ala inayoongoza

Kwa wimbo tulivu ningeanza na bansuri, filimbi ya mianzi, au sarangi inayolia kama koo la mtu. Sitar ya kompyuta ni ngumu kuidanganyia, kwa sababu uzuri wake uko kwenye uzi unaovutwa pembeni na kwenye nyuzi ndogo za chini zinazoitika zenyewe.

Kitu kinachotofautisha mpigaji na kinanda ni meend, kuteleza kutoka noti hadi noti bila kuzigonga. Ukiwa na kibodi ya MIDI, fungua mipangilio ya sinta, weka gurudumu la kupindisha sauti lifike semitoni 12, halafu piga noti moja na uifikishe ya pili kwa gurudumu. Kutoka E hadi F# chukua karibu sekunde nzima. Itaonekana ndefu mno. Iache hivyo.

Njia nyingine ni kuwaiga wazee wa mashine: 303 ina kitufe cha kutelezesha noti moja kwenda nyingine, na hicho ndicho kilichoifanya ifae raga mikononi mwa Charanjit Singh. Plagini za kuiga 303 zipo za bure. Punguza ukali wa filta, ongeza mtelezo, shusha mwendo, na utapata ala ambayo si ya India wala si ya Chicago.

Hatua ya 8: Mpangilio

Raga hufunguliwa polepole, kwa sehemu iitwayo alap ambayo haina ngoma. Mpigaji hatoi noti zote siku ya kwanza. Kwa Yaman anza hivi: dakika nzima ya tanpura na ala yako, ukizungukia C#, E na D ya chini tu. Kisha F# iingie, ikae. G# isubiri hadi karibu dakika ya pili, na D ya juu isiguswe kabla tabla haijaingia. Msikilizaji hatajua majina ya noti hizo, ila atahisi mlango umefunguliwa.

Ukishika mpango huo, wimbo wa dakika sita unajipanga wenyewe: alap, besi, keherwa nyepesi, teental kamili, mapumziko ya tanpura peke yake, kurudi, na kufunga kwa tihai. Kata toleo fupi la dakika tatu baadaye kwa wanaotaka kuliweka kwenye video.

Hatua ya 9: Mwangwi na dilei

Kwa tempo ya 90, dilei ya nane yenye nukta ni milisekunde 500 kamili. Iweke kwenye pigo moja moja la dayan, si kwenye mfululizo wote: chagua Ta moja mwisho wa mzunguko, itupe kwenye dilei, izungushe gizani kwa kukata sauti za juu kila inaporudi. Mwangwi mrefu upe ala inayoongoza tu. Bayan usiipe mwangwi hata kidogo. Besi yenye mwangwi ni matope.

Hatua ya 10: Sauti ya mtu

Usichukue kipande cha qawwali au mantra kutoka mtandaoni ukakibandika. Haki za rekodi ni za watu, na zaidi ya hapo maneno yale ni ibada: qawwali humsifu Mungu, Mtume na mawalii. Nusrat Fateh Ali Khan mwenyewe, aliporekodi albamu yake ya mchanganyiko na prodyuza Michael Brook iliyotoka mwaka 1990, alikataa baadhi ya sehemu kwa sababu zilikatwa katikati ya sentensi na maana ikapotea. Kama gwiji aliyekubali mchanganyiko alikuwa na mpaka huo, nawe uwe nao.

Mwambie mwimbaji wako aimbe sargam, yaani majina ya noti zenyewe: Ni, Re, Ga. Hakuna ibada itakayokatwa, na utakuwa na uhakika yuko ndani ya raga. Au mwombe mpigaji tabla aseme mapigo kwa mdomo kabla ya kuyapiga. Hiyo ni sanaa kamili kwao, na inakaa vizuri mno juu ya dub. Ukitaka Kiswahili, chukua ubeti mmoja wa shairi na uughani ndani ya Yaman, bila kuuharakisha uishe ndani ya baa nne.

Hatua ya 11: Miksi

Tatizo kubwa ni moja: kiki, besi na bayan zote zinataka kiti kilekile. Amua nani mkubwa. Mimi humpa bayan kuanzia hertzi 90 kwenda juu, kiki fupi chini yake, na besi ya D kwenye hertzi 73 inayoinama kila kiki inapogonga. D ya chini zaidi, ya hertzi 37, haisikiki kwenye simu wala spika za matatu zilizochoka. Iongezee uchafu kidogo ili noti zake za juu zijitokeze. Dayan ya D inalia karibu hertzi 294, kwa hiyo sauti za kujaza nyuma zipunguze kidogo eneo hilo. Mng'aro wa tanpura uko juu. Ukikata sana ili kuipisha sitar, umeua kitu kilichoushikilia wimbo mzima. Heri uishushe sitar.

Usisage miksi kwenye limita. Spotify huzishusha nyimbo hadi karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo kelele za ziada hazikuletei kitu, na alap yako itageuka kuwa sawa na kilele.

Jaribio la mwisho: zima kila kitu isipokuwa tanpura na ala inayoongoza. Kama wimbo bado unasimama, uko sawa. Kama unahitaji kiki ndipo uvumilike, rudi hatua ya 7.

Hatua ya 12: Kuutoa

Toa WAV ya biti 24, pamoja na mafaili ya ala moja moja, maana muziki huu huombwa sana kwa rimiksi. Mpigaji tabla alipwe kabla wimbo haujatoka, na mkubaliane kwa maandishi kama anapata asilimia au malipo ya mara moja. Kwenye maelezo ya wimbo andika jina lake, jina la raga na jina la tala. Wapenzi wa muziki huu hutafuta kwa majina hayo, na yule atakayeandika kwamba Yaman yako ilipotea njia dakika ya nne atakuwa amekusikiliza kweli. Mjibu, na umwombe akuonyeshe kifungu gani.